Majivu ya volkano, mfinyanzi mwekundu au kichanga: kuchagua eneo la msitu kwa kuangalia kaboni ya udongo, Nyanda za Juu Kusini

Kamati ya maliasili ya kijiji inapokaa kuamua sehemu ipi itengwe kuwa msitu wa hifadhi na ipi ibaki ya mashamba, suala la kaboni siku hizi lazima litajwe. Kanuni za Tanzania za biashara ya kaboni, yaani kuuza tani za kaboni zilizohifadhiwa, zilitoka mwaka 2022, na kituo cha taifa kinachofuatilia hesabu zake kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mara nyingi mazungumzo huishia kwenye miti: ni mingapi, mirefu na minene kiasi gani. Kilicho chini ya miti hupewa sentensi moja tu, kwamba mfinyanzi unashika na kichanga kinapitisha, kisha ajenda inaendelea.

Sentensi hiyo ina ukweli, ila haitoshi kufanyia uamuzi. Chini ya misitu ya Nyanda za Juu Kusini kuna walau udongo wa aina tatu: wa majivu ya volkano (Rungwe, Poroto, Umalila, Kitulo), mfinyanzi mwekundu wa kale (Mufindi, sehemu kubwa ya Njombe, miteremko ya Udzungwa) na kichanga cha miombo (Chunya na maeneo ya chini ya Iringa). Kila mmoja unashika kaboni kwa namna yake, unaipoteza kwa namna yake, na una namna yake ya kumdanganya mpimaji.

Vigezo kwanza

Unamu wa udongo ni mgawanyo wa chembe zake kwa ukubwa. Mchanga ni chembe za milimita 2 hadi 0.05, tope ni 0.05 hadi 0.002, na mfinyanzi ni zote zilizo ndogo kuliko hapo. Chembe zikiwa ndogo, jumla ya nyuso zake inakuwa kubwa, na mboji inapata mahali pa kunata ambapo vijidudu haviifikii kirahisi. Chembe hizo pia hushikana kuwa vibonge vidogo, na mabaki ya majani yanayofungiwa ndani ya vibonge huoza polepole.

Lakini si kila mfinyanzi ni sawa. Gramu moja ya kaolini, madini yanayotawala kwenye mfinyanzi mwekundu wetu, ina nyuso za makumi machache tu ya mita za mraba. Gramu moja ya alofani, inayotokana na majivu ya volkano, ina mamia. Kwa hiyo mtu akikuambia udongo wake una asilimia 40 ya mfinyanzi, hajakuambia habari nzima mpaka aseme ni mfinyanzi wa asili gani.

Tunalinganisha kwa mambo matano: akiba iliyopo, kinachoishika, hasara msitu ukifyekwa, nafasi ya kuongeza, na ugumu wa kupima. Matatu kati ya haya, yaani akiba, hasara na ongezeko, huchanganywa mno. Udongo wenye akiba kubwa unaweza kukosa nafasi ya kuongeza hata tani moja, na udongo wenye akiba ndogo unaweza kuwa ndio unaoipoteza haraka kuliko wote.

Akiba kwa hekta hupatikana hivi: asilimia ya kaboni × uzito wa udongo kwa ujazo (gramu kwa sentimita ya ujazo) × kina kwa sentimita, kisha unaondoa sehemu ya mawe. Chukua mfano wa hesabu, usio kipimo cha mahali popote. Udongo wa volkano wenye kaboni asilimia 7 na uzito 0.7 una tani 147 kwa hekta hadi sentimita 30. Mfinyanzi wenye asilimia 3.2 na uzito 1.1 una tani 106. Kichanga chenye asilimia 0.9 na uzito 1.45 kina tani 39. Kwa asilimia, volkano imekizidi kichanga karibu mara nane. Kwa tani, haifiki mara nne, kwa sababu udongo wa volkano ni mwepesi. Anayelinganisha asilimia peke yake amepotoka kabla ya kuanza.

Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, mwaka 2006 lilitoa viwango vya kuanzia kwa nchi zisizo na vipimo vyake, tani za kaboni kwa hekta katika sentimita 30 za juu:

| Hali ya hewa | Volkano | Mfinyanzi wa aina ya kaolini | Kichanga |
|---|---|---|---|
| Milimani, tropiki | 80 | 63 | 34 |
| Tropiki yenye unyevu | 70 | 47 | 39 |
| Tropiki kavu | 50 | 35 | 31 |
| Tropiki ya mvua nyingi sana | 130 | 60 | 66 |

Tazama mstari wa mwisho: kichanga kimeupita mfinyanzi. Maji mengi na mboji inayozama chini vinaweza kupindua kanuni ya unamu. Na kwenye tropiki kavu, tofauti ya mfinyanzi na kichanga ni tani 4 tu, maana hapo kinachoamua ni uchache wa majani na mizizi inayoingia ardhini. Unamu huonyesha nguvu zake mahali penye mvua ya kutosha kuotesha kitu cha kuhifadhi.

Majivu ya volkano: Rungwe, Poroto, Umalila, Kitulo

*Akiba.* Ni kubwa kuliko zote, na inashuka chini. Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo takribani miaka 4,000 iliyopita ukafunika eneo pana kwa mawe mepesi na majivu, na milipuko ya Ngozi na Kyejo ikaongeza matabaka baadaye. Kwa hiyo ukichimba shimo unaweza kukuta udongo mweusi, kisha tabaka la mawe mepesi, kisha udongo mweusi tena: ule wa pili ulikuwa uso wa ardhi zamani, ukazikwa na kaboni yake. Kipimo cha sentimita 30 hakiufikii kabisa.

*Kinachoishika.* Kioo cha volkano, yaani chembe za majivu zinazofanana na kioo, humeng'enyuka haraka na kuachia alumini na alofani, na vitu hivi huungana na mboji kikemia. Muungano huo ni imara kuliko kunata kwa kawaida. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayoificha fosforasi ya mbolea, jambo ambalo wakulima wa viazi wa huko wanalilipia kila msimu kwenye gharama ya DAP.

*Ikifyekwa.* Kikemia hupoteza taratibu. Hatari yake ni mmomonyoko. Udongo huu ni mwepesi, milima ni mikali, na matuta yakielekezwa mteremkoni mvua moja kubwa inabeba tabaka lililokuwa limeshika kaboni kwa karne nyingi. Kaboni iliyoshikwa barabara na madini haina faida kwako kama madini yenyewe yameshafika mtoni.

*Nafasi ya kuongeza.* Ipo kwenye mashamba yaliyolimwa muda mrefu, hasa kwa ukanda wa miti unaokata mteremko. Chini ya msitu mkongwe ni ndogo. Kwenye nyasi za asili kama za Kitulo, tunashauri usiguse. Mizizi ya nyasi imejaza udongo huo kwa muda mrefu, na kulima ili upande paina kunaanza kwa hasara.

*Kupima.* Ndipo penye kazi. Sampuli ikikauka, chembe zake hugandamana na hazitawanyiki tena vizuri, na maabara itasoma mfinyanzi mdogo kuliko uliopo. Sampuli ya unamu ifungwe kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wake wa shambani, na maabara iambiwe kwa maandishi kwamba ni udongo wa volkano. Mawe mepesi makubwa kuliko milimita 2 yapunguzwe kwa ujazo. Ukiyapunguza kwa uzito utayadharau, kwa sababu kokoto iliyojaa matundu inachukua nafasi kubwa huku ikiwa na uzito mdogo.

*Unamfaa nani.* Kijiji chenye msitu wa asili uliosimama na nia ya kulinda kilichopo. Haumfai anayetaka kuonyesha ongezeko la haraka kwenye karatasi.

Mfinyanzi mwekundu: Mufindi, Njombe, Udzungwa

*Akiba.* Ya kati hadi kubwa, nyingi ikiwa kwenye sentimita 20 hadi 30 za juu. Chini ya hapo rangi inakuwa nyekundu tupu na asilimia inashuka, ila udongo wenyewe ni wa kina kirefu, kwa hiyo kidogo kidogo hicho kinajumlika.

*Kinachoishika.* Kaolini pamoja na kutu ya chuma inayoupa wekundu. Chuma hufunga chembe kuwa vipunje imara visivyovunjwa na maji, na mboji inakaa ndani yake. Kwa sababu hiyo maji hupita vizuri kwenye udongo ambao kwa hesabu ya maabara ni mfinyanzi mzito.

*Ikifyekwa.* Hasara ina awamu mbili. Jembe huvunja vibonge vikubwa, na kaboni iliyokuwamo huondoka miaka ya mwanzo. Baada ya hapo kasi hupungua kwa sababu vipunje vidogo vinagoma kuvunjika. Viwango vya IPCC vya mwaka 2006 vilichukulia kwamba shamba la muda mrefu milimani hubaki na 0.64 ya akiba ya msituni. Kiwango hicho hakitofautishi mfinyanzi na kichanga, kwa hiyo kisomwe kama wastani mpana tu.

Kinachosahaulika ni magari. Trekta na malori ya magogo hugandamiza udongo, na mgandamizo hutengeneza kaboni ya uongo, iliyopo kwenye hesabu tu. Uzito ukiwa 1.1, sentimita 30 zina tani 3,300 za udongo kwa hekta. Ukipanda hadi 1.3, kina hichohicho kina tani 3,900. Asilimia ya kaboni isipobadilika, hesabu itaonyesha ongezeko la karibu asilimia 18 na hakuna kilichoongezeka. Dawa yake ni kulinganisha uzito uleule wa udongo: tani zile 3,300 sasa ziko ndani ya sentimita 25.4, na hapo ndipo hesabu ya pili ikomee.

*Nafasi ya kuongeza.* Hapa mfinyanzi mwekundu una sifa yake kubwa. Shamba la mahindi lililochoka lina madini yaleyale, yamebaki na nafasi. Guo na Gifford, katika uchambuzi wao wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti nyingi za dunia, walikuta kugeuza shamba kuwa msitu wa kupandwa kuliongeza kaboni ya udongo kwa wastani wa asilimia 18, kugeuza malisho kuwa msitu wa kupandwa kuliipunguza kwa asilimia 10, na kugeuza msitu wa asili kuwa shamba kuliipunguza kwa asilimia 42. Maana yake, mche uleule wa paina unaweza kuwa faida kwenye shamba lililochoka na hasara kwenye nyasi za ng'ambo ya barabara. Kuchoma mabaki baada ya kuvuna na kung'oa visiki hula sehemu ya faida hiyo.

*Kupima.* Vidole hudanganywa. Vile vipunje vya chuma huhisika kama mchanga laini, na mtu wa haraka huandika "tifutifu". Kanda udongo mbichi walau dakika tano. Ukiendelea kunata kadiri unavyokanda, ni mfinyanzi uliojificha.

*Unamfaa nani.* Mkulima wa miti mwenye mashamba yaliyochoka, na kijiji kinachotaka kuchanganya hifadhi na uzalishaji.

Kichanga cha miombo: Chunya na maeneo ya chini ya Iringa

*Akiba.* Ndogo kwa hekta. Lakini miombo ni mipana, na hekta nyingi zenye kidogo zinaweza kuzidi hekta chache zenye kingi.

*Kinachoishika.* Kwa sehemu kubwa, hakuna. Kaboni ipo kama vipande vya majani na mizizi vilivyochanganyika na mchanga bila kufungwa. Inategemea msitu kuendelea kulisha ardhi kila mwaka.

*Ikifyekwa.* Huondoka haraka kuliko kwenye aina nyingine mbili. Ugavi ukikatika, kwa mfano msitu unapofyekwa kwa tumbaku na kuni za kuikaushia, vijidudu humaliza kilichokuwepo kwa misimu michache. Moto wa Septemba na Oktoba huongeza hasara kwa kula majani kabla hayajaingia ardhini. Uchomaji wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu kuanzia Mei, huwaka kwa joto dogo na kuacha sehemu bila kuungua.

*Nafasi ya kuongeza.* Ndogo kwenye udongo wenyewe, nzuri kwenye miti. Visiki na mizizi ya miombo vikiachwa hai huchipua vyenyewe bila kitalu. Anayeng'oa visiki amefunga mlango huo.

*Kupima.* Unamu ni rahisi, na maabara haina shida. Matatizo ni mawili. Pete ya kuchukulia sampuli humwaga mchanga mkavu, kwa hiyo pima baada ya mvua au lowesha kwanza. Na vipande vya mkaa, hasa pale palipokuwa na tanuri, hupandisha usomaji wa kaboni kwa kiasi kisichohusiana na msitu uliopo. Ruka sehemu hizo au ziandike peke yake. Tena usikiite kichanga kabla ya kufika sentimita 60: sehemu nyingi za miombo zina mchanga juu na mfinyanzi chini.

*Unamfaa nani.* Kijiji chenye eneo kubwa, watu wa kuzuia moto, na mpango unaohesabu zaidi miti kuliko udongo.

Kujua umesimama kwenye upi

Chukua donge la ukubwa wa yai, toa mizizi, lowesha, kanda, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu au mchanga. Ukifika 2.5 hadi 5, ni tifutifu lenye mfinyanzi. Ukizidi 5, ni mfinyanzi. Udongo wa volkano hauingii kwenye mpango huu: ni mweusi au kahawia iliyokolea, mwepesi mkononi, na ukiusugua kwa nguvu huachia maji ghafla na kuteleza kama sabuni, bila kunata. Ukitaka uhakika, maabara hupima kwa sodiamu floridi: pH ikipanda juu ya 9.4 ndani ya dakika mbili, na udongo hauna chokaa, ni dalili kubwa ya alofani au ya alumini iliyoungana na mboji. Kemikali hiyo ni sumu, tuwaachie wenye glavu.

Chupa ya maji nayo inasaidia. Jaza theluthi moja udongo, ongeza maji na chumvi kidogo au sabuni ya unga, tikisa, acha. Mchanga hukaa ndani ya dakika moja hivi, tope kwa saa mbili, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Kokoto zikielea, umeshapata jibu kuhusu volkano.

Kwa uzito wa udongo tumia pete ya chuma ya sentimita 100 za ujazo. Isukume bila kushindilia: uso wa udongo ndani ya pete uwe sawa na wa nje, la sivyo rudia. Kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Gramu 72 ni 0.72. Chukua kina cha 0–10, 10–20 na 20–30, na kwenye volkano shuka hadi mita moja.

Majibu ya maabara yakirudi, uliza mambo mawili. Namba ni ya kaboni au ya mboji? Mboji asilimia 5 ni kaboni asilimia 2.9 tu, ukigawa kwa 1.724. Na kama wametumia njia ya Walkley-Black, ambayo haichomi kaboni yote, wamezidisha kwa 1.3 au hapana? Maabara mbili zenye majibu tofauti kwa udongo mmoja mara nyingi zimetofautiana hapo. Kupata uzito wa hewa ukaa, zidisha kaboni kwa 3.67.

Kwa hali yako

Kama mna msitu wa asili kwenye majivu ya volkano na shinikizo la mashamba ya viazi au parachichi, anzeni na miteremko mikali. Hoja yenu ni hasara inayozuiwa, kwa hiyo pimeni na shamba la jirani lenye mteremko uleule ili muwe na cha kulinganisha.

Kama una shamba lililochoka Mufindi au Njombe, lipande miti na usiguse nyasi za asili zilizo pembeni. Pima leo, kabla ya mche wa kwanza, kwa sababu bila kipimo cha mwanzo huna cha kudai. Rudia baada ya miaka mitano hadi kumi. Ongezeko la nusu tani kwa mwaka kwenye akiba ya tani 100 haliwezi kuonekana mwaka wa pili, hata kwa maabara bora.

Kama kijiji chenu kina hekta nyingi za miombo kwenye kichanga, tumieni fedha kwenye barabara za kuzuia moto na doria kuliko kwenye sampuli nyingi za udongo. Itengeni kama hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na hesabu ya udongo iwe ya tahadhari.

Kama eneo lina aina mbili, kwa mfano mfinyanzi mlimani na kichanga bondeni, usichanganye sampuli zake kwenye ndoo moja. Ligawe kwanza kwa rangi na kwa utepe wa vidole, kisha kila sehemu ipate sampuli zake, hata kama bajeti inabaki na pointi chache kwa kila upande.

Na kama mnachogombania ni bonde la vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kwenye unyevu, ulinganisho huu hauwahusu sana. Pale kaboni imeshikwa na maji, na mfereji mmoja wa kukausha bonde unaiachia, udongo uwe na mfinyanzi au usiwe nao.